Nukta Mbili si Alama ya Mkazo: Mageuzi ya Irabu katika Kijerumani na Namna Tunavyoyaeleza

1. Suala Lenyewe

Katika maandishi yetu ya isimu kuna mazoea mawili kuhusu lugha ya Kijerumani ambayo yamekaa muda mrefu bila ya kuhojiwa. Zoea la kwanza ni kuziita nukta mbili zinazowekwa juu ya herufi a, o na u "alama za mkazo", na kuzitia katika kapu moja na alama za Kifaransa. Zoea la pili ni kuzidondosha kabisa katika majina ya watu na ya vitabu, kana kwamba ni pambo la mchapaji. Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba mazoea haya mawili yana chanzo kimoja. Nacho ni kutotofautisha mambo matatu: badiliko la sauti lililotokea katika historia ya lugha, kazi ambayo badiliko hilo lilipewa baadaye katika sarufi, na alama ambayo waandishi waliichagua ili kulionyesha katika maandishi.

Makala haya yanakusudia kuyatenga mambo hayo matatu, moja baada ya jingine, na kuonyesha hasara inayopatikana yanapochanganywa. Suala hili si la Wajerumani peke yao. Sehemu kubwa ya misingi ya uchunguzi wa Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu iliwekwa katika maandishi ya Kijerumani. C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wake uitwao Suaheli-Schriftstücke mwaka 1892. Carl Meinhof alitoa kitabu chake cha fonolojia ya lugha za Kibantu mwaka 1899. Na Carl Velten alitoa mwaka 1903 tafsiri ya Desturi za Wasuaheli kwa jina la Sitten und Gebräuche der Suaheli. Mwanafunzi wa leo anayeyaendea maandishi hayo hukutana na nukta hizo kabla hajafungua hata ukurasa wa kwanza. Tukimfundisha visivyo, tunamfungia mlango wa maktaba yake mwenyewe.

2. Badiliko la Sauti

Neno la Kijerumani Umlaut, ambalo hapa tutaliandika umlauti, lilipata maana yake ya kitaalamu katika kazi ya Jacob Grimm, Deutsche Grammatik, iliyoanza kutoka mwaka 1819. Jambo linalotajwa na neno hilo ni rahisi kulieleza. Irabu ya silabi yenye mkazo ilisogezwa mbele au juu kinywani kwa sababu silabi iliyofuata ilikuwa na i au j. Ulimi ulikwisha kujiandaa kwa sauti ya mbele kabla ya kumaliza ile ya nyuma.

Ushahidi unapatikana kwa kulinganisha. Katika Kigothi, ambacho tunakijua hasa kutokana na tafsiri ya Biblia ya Wulfila ya karne ya 4, 'mgeni' ni gasts na 'wageni' ni gasteis. Irabu a haikuguswa. Katika Kijerumani cha Juu cha Kale, tangu karne ya 8, tunakuta gast katika umoja na gesti katika wingi. Hali kadhalika lamb 'mwanakondoo' ina wingi lembir, na kitenzi faru 'ninakwenda' kina ferit 'anakwenda'. Kila penye i nyuma yake, a imekuwa e.

Walakini yapo maneno ambayo waandishi wa wakati huo waliendelea kuyaandika kwa a ijapokuwa i ilikuwapo, mathalani maht 'nguvu' na wingi wake mahti, ambapo konsonanti ht zilikizuia kitendo hicho. Tena, irabu nyingine, yaani o, u na zile ndefu, hazionyeshi badiliko lolote katika hati nyingi za kale. Neno la sifa scōni 'zuri' liliandikwa kwa o. Notker wa St. Gallen, aliyefariki mwaka 1022, ni miongoni mwa wa kwanza kuonyesha umlauti wa ū ndefu kwa kuandika iu: hūt 'ngozi', hiute 'ngozi (wingi)'. Kwa nini basi maandishi ya baadaye yanaonyesha umlauti kila mahali, hata katika maneno ambayo wahenga hawakuyatia alama?

Jibu lenye nguvu kuliko mengine lilitolewa na W. F. Twaddell mwaka 1938. Alieleza kwamba maadamu i ilisimama mahali pake katika silabi iliyofuata, badiliko la irabu lilikuwa jambo la kutabirika. Lilikuwa alofoni tu, na msemaji hakuwa na haja ya alama ya kumwambia jambo alilolitenda bila ya kufikiri. Baadaye irabu za mwisho wa neno zilidhoofika zote zikawa e hafifu. Sababu ikatoweka, matokeo yakabaki. Kuanzia hapo tofauti ya maana ilibebwa na irabu ya mzizi peke yake, na alofoni za jana zikawa fonimu za leo. Ndipo waandishi walipolazimika kutafuta herufi. Ama ile e ya gesti, iliandikwa mapema kwa sababu lugha ilikuwa tayari na e na alfabeti ya Kilatini ilikuwa na herufi yake. Kwa sauti tunazoziandika leo ö na ü hapakuwa na herufi ya kuazima.

Fundisho la hoja hiyo ni kubwa kuliko mfano wenyewe. Kimya cha hati si ushahidi wa kutokuwapo kwa sauti. Anayesema kwamba umlauti wa o na u "ulianza" wakati ulipoanza kuandikwa anaichukua tarehe ya kalamu kuwa ndiyo tarehe ya ulimi.

3. Ulinganisho Unaofaa na Usiofaa

Baadhi ya walimu, kwa nia njema, hulinganisha umlauti na mambo ya Kiswahili. Ulinganisho huo unafaa, mradi mwelekeo usipotoshwe. Katika kauli ya kutendea tunasema pigia, fungia na katia, lakini pendea na somea. Hapa irabu ya mzizi ndiyo inayoitawala irabu ya kiambishi kinachofuata. Sauti iliyotangulia inatoa amri, iliyo nyuma inatii. Katika Kijerumani mambo ni kinyume: sauti ya nyuma, tena iliyo dhaifu na isiyo na mkazo, ndiyo iliyoitawala irabu ya mzizi. Isitoshe, utangamano wa Kiswahili ni kanuni hai. Kitenzi kipya kikiingia leo kitaufuata bila ya kushauriwa. Kanuni ya umlauti ilikufa zamani kama kanuni ya matamshi, na kilichobaki ni athari zake.

Usiofaa kabisa ni ule unaoziita meno, meko na wengi mifano ya "umlauti wa Kiswahili". Katika maneno hayo a ya ma- au ya wa- imekutana ana kwa ana na i ya mzizi, nazo zikayeyukiana kuwa e moja. Katika gesti hapakuwa na mkutano wa namna hiyo. Konsonanti mbili zilisimama kati ya irabu hizo, a ikageuka, na i ikabaki mahali pake kwa muda mrefu. Muungano wa irabu na mvuto wa irabu kwa mbali ni mambo mawili, na kuyaita kwa jina moja ni kulidhulumu kila moja.

4. Grimm na Kosa Lililodumu

Grimm aliitenganisha umlauti na ablauti, na utenganisho huo ndio urithi wake mkubwa katika sehemu hii. Ablauti ni mageuzi ya irabu ambayo Kijerumani kiliyarithi kutoka lugha-mama ya Kihindi-Kizungu, kama yanavyoonekana katika singen, sang, gesungen 'kuimba, aliimba, -imbwa'. Hapo hakuna i iliyosababisha lolote. Mambo haya mawili yanaweza kukutana katika kitenzi kimoja. Kutoka helfen 'kusaidia' wakati uliopita ulikuwa half katika umoja na hulfun katika wingi, kwa ablauti. Umbo la kudhania lilijengwa juu ya shina la wingi kwa kuongeza i, likawa hulfi, na kwa umlauti likazaa hülfe, umbo ambalo leo ni la nadra. Asiyejua utenganisho wa Grimm ataona hapo vurugu tupu, ilhali ni kanuni mbili zilizopishana kwa maelfu ya miaka.

Hata hivyo, Grimm huyo huyo alituachia istilahi iliyopotosha. Katika vitenzi kama brennen 'kuwaka', wakati uliopita ni brannte. Yeye alidhani kwamba irabu iliwahi kugeuka katika maumbo yote mawili kisha ikarudi a katika wakati uliopita, akaliita jambo hilo "umlauti wa kurudi nyuma". Maelezo ambayo wataalamu wengi wameyakubali baadaye ni kwamba hakuna kilichorudi. Kigothi kina brannjan 'kuwasha' na brannida 'aliwasha'. Katika Kijerumani i ya umbo la pili ilidondoka mapema, kabla haijaathiri kitu. Kwa hiyo a ya brannte ndiyo ile ya asili, na iliyosafiri ni e ya brennen. Vitabu vingi vimeendelea kulitumia jina la Grimm kwa mazoea, na wanafunzi wakaendelea kuamini safari ambayo haikuwapo. Tunapounda istilahi zetu za Kiswahili hatuna sababu ya kulitafsiri kosa hilo. Yatosha kusema "vitenzi visivyo na umlauti katika wakati uliopita".

5. Je, Umlauti ni Alama ya Wingi?

Kanuni inayofundishwa mara nyingi darasani ni kwamba nukta mbili huonyesha wingi. Ukirejea kwenye rafu tuliyoitaja mwanzoni, majina mawili ya vitabu yanatosha kuitia kanuni hiyo mashakani. Gebräuche ya Velten ni wingi wa Gebrauch 'desturi', na hapo kanuni inasimama. Lakini Stücke katika jina la kitabu cha Büttner ni wingi wa Stück 'kipande', neno ambalo lina ü tangu umoja, kwa kuwa umbo lake la kale, stucki, lilikuwa na i ndani ya shina lenyewe. Tena Tag 'siku' na Hund 'mbwa' zina wingi Tage na Hunde bila ya badiliko la irabu.

Ukweli wa kihistoria ni huu: kiambishi cha wingi cha baadhi ya majina kilikuwa na i, na umlauti ukatokea hapo kama ulivyotokea popote penye i. Kiambishi kilipodhoofika, wasemaji waliisikia tofauti ya irabu, wakaichukua kuwa ndiyo ishara ya wingi, kisha wakaipeleka kwa mlinganisho hata mahali ambapo haikuwa na haki ya kuwapo. Vogel 'ndege' lilikuwa fogal, wingi fogala. Baum 'mti' lilikuwa boum, wingi bouma. Hapakuwa na i yoyote. Hata hivyo leo ni Vögel na Bäume. Hapa sarufi imeiajiri upya sauti iliyopoteza kazi yake ya awali.

Mahali pengine umlauti umetenga maneno badala ya idadi. Neno la sifa scōni lilikuwa na i. Kielezi chake scōno hakikuwa nayo. La kwanza limezaa schön 'zuri', la pili limezaa schon, ambalo maana yake sasa ni 'tayari'. Vivyo hivyo fest 'imara' na fast 'karibu, takriban' ni ndugu wa tumbo moja. Anayeidondosha nukta ya schön hakosei wingi wala mkazo. Amelibadilisha neno zuri kuwa tayari.

Aidha, umlauti haukuenea sawasawa katika nchi yote. Lahaja za kusini zilikataa kuigeuza u mbele ya baadhi ya konsonanti, na ndiyo sababu mji wa kaskazini unaitwa Osnabrück na wa kusini Innsbruck, ijapokuwa majina yote mawili yana neno lile lile la 'daraja'. Nukta hapa zinatuonyesha mpaka wa lahaja, kwa yule anayejali kuzisoma.

6. Alama Katika Maandishi

Sasa tuje kwenye nukta zenyewe. Waandishi wa zama za kati waliionyesha irabu iliyogeuka kwa namna nyingi, na mojawapo ilikuwa kuandika e ndogo juu ya a, o au u. Wachapaji waliifuata njia hiyo kwa karne kadhaa. Katika mwandiko wa mkono wa Kijerumani herufi e ilifanana na vijistari viwili vya wima. Vikifupishwa vikawa vistari viwili, na hatimaye nukta mbili. Kwa hiyo nukta hizo ni mabaki ya herufi kamili. Hapo ndipo ulipo uhalali wa kuandika ae, oe na ue panapokosekana nukta, na hapo pia ndipo ulipo ubatili wa kuandika a, o na u tupu.

Nukta mbili za Kifaransa katika naïf na Noël ni ukoo mwingine. Zilitokana na mapokeo ya Kiyunani na Kilatini, na kazi yake ni kumwambia msomaji azitamke irabu mbili mbalimbali, asiziunganishe. Kufanana kwa sura si udugu.

Ama mkazo, Kijerumani hakiuonyeshi kwa alama yoyote katika maneno yake ya asili. Alama kama ile ya Café huja na maneno ya kigeni. Kitenzi übersetzen ni shahidi mzuri: mkazo ukiwa juu ya silabi ya kwanza maana yake ni 'kuvusha ng'ambo', na ukiwa juu ya setz maana yake ni 'kutafsiri'. Maandishi ni yale yale, na nukta za ü ziko pale pale kwa maana zote mbili. Kama nukta zingekuwa alama ya mkazo, neno hilo lingekuwa la kwanza kuzihitaji kwa kazi hiyo. Wala nukta si alama ya urefu: Saal 'ukumbi' huandikwa kwa irabu maradufu, na wingi wake Säle kwa ä moja, ijapokuwa zote mbili ni ndefu.

Haifai pia kuvuka mpaka kwa upande wa pili na kudai kwamba kila nukta huonyesha sauti ya pekee. Lärche, jina la mti fulani, na Lerche, jina la ndege fulani, hutamkwa sawasawa. Ä fupi na e fupi hazitofautiani. Hapo nukta zinafanya kazi ya jicho tu. Mageuzi ya tahajia yaliyokubaliwa mwaka 1996 yalijaribu kuieneza kazi nyingine ya jicho, yaani kuonyesha ukoo wa neno: behende 'epesi wa mwendo' likawa behände kwa sababu ya Hand 'mkono', na Stengel 'bua' likawa Stängel kwa sababu ya Stange 'mti mrefu, ufito'. Lakini Eltern 'wazazi', ambalo kwa asili ni 'walio wazee zaidi' na ni ndugu wa alt 'zee', liliachwa na E yake. Kanuni inayofuatwa kwa Stängel na kuachwa kwa Eltern si kanuni ya sauti wala ya historia. Ni mapatano, na yafaa yafundishwe hivyo.

7. Majina, na Maandishi Yetu Wenyewe

Hasara ya kudondosha nukta inaonekana wazi katika majina. Büttner akiandikwa Buttner katika orodha moja na Buettner katika nyingine, mwanafunzi anapata watu watatu badala ya mmoja. Wajerumani wenyewe wana utaratibu: katika kamusi ä hupangwa pamoja na a, na katika orodha za majina ya watu huweza kupangwa kama ae. Lakini mtu asilichukue hilo kuwa ruhusa ya kugeuza kila oe kuwa ö. Goethe ni Goethe. Vilevile Karl Roehl, ambaye tafsiri yake ya Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1937, huandikwa Roehl. Jina la mtu huandikwa kama mwenyewe alivyoliandika.

Hapo zamani udhuru ulikuwa mitambo ya chapa isiyo na herufi hizo. Leo kompyuta ya kawaida inazo zote, na udhuru umekwisha. Kilichobaki ni uzembe, na uzembe huo hauishii kwa Wajerumani. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, ambamo Mjerumani Diedrich Westermann alikuwa na sauti kubwa, ilipendekeza katika miaka ya 1927 na 1930 kwamba lugha za Afrika ziandikwe kwa herufi mpya kuliko kwa alama za juu, kwa hoja kwamba alama za juu husahauliwa upesi. Kikikuyu hakikuufuata ushauri huo. Irabu zake saba huandikwa kwa herufi tano, na mbili zinazobaki huonyeshwa kwa ĩ na ũ. Alama hizo si za mkazo wala za toni. Ni sehemu ya irabu yenyewe, kama zilivyo nukta za ö na ü. Na ni mara ngapi magazeti yetu yamechapisha Ngugi mahali pa Ngũgĩ? Hofu ya Westermann ilikuwa na msingi, lakini dawa yake haikuwa ya lazima. Alama hudumu pale walimu na wahariri wanapoamini kwamba ni herufi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa majarida na idara zetu. Kwanza, istilahi "alama za mkazo" iondolewe katika maelezo ya Kijerumani, na umlauti uelezwe kwa hatua tatu: sauti, sarufi, na maandishi. Pili, majina ya watu na ya vitabu yaandikwe kwa herufi zake kamili. Na pale isipowezekana, ae, oe na ue zitumike, wala si herufi tupu. Tatu, kanuni hiyo hiyo itumike kwa Kikikuyu, Kikamba na kila lugha yetu yenye irabu za namna hiyo. Mhariri anayelinda ü ya Büttner na kuiacha ũ ya Ngũgĩ atakuwa ameheshimu herufi za mgeni na kuzidharau za nyumbani. Na anayeziacha zote mbili hatakuwa amemheshimu msomaji yeyote.